Eda ya Bibi

Babu alipofariki, baba mkubwa hakungoja hata hitima ya arobaini. Zilikuwa enzi za ruksa, kila mtu Mpwapwa anataka duka au gesti, na nyumba yetu ilikuwa palepale barabarani, chini ya mlima, kuta zake nene hata mtu angeweza kulala dirishani. Wazee wetu waliijenga walipochoka kutembea na misafara. Baba mkubwa yeye aliona gesti tu.

Bibi alikuwa ndani, yuko edani: miezi minne na siku kumi, hatoki nje, haonani na mwanamume asiye maharimu wake, yaani anayeweza kumwoa. Baba mkubwa hakuwa mwanawe wa kumzaa. Bibi alikuwa mke mdogo wa babu, na zaidi ya nyumba ile hakuwa na pa kwenda. Baba mkubwa alilijua hilo vizuri sana, hana haya yule!

Asubuhi moja akaja na tajiri kutoka Majengo, Dodoma mjini. Wakapima ukumbi kwa hatua, wakagongagonga nguzo. Mimi, niliyekuwa nimemaliza kidato cha nne na kukaa na bibi, nilisimama mlangoni kwake.

"Na chumba hiki?" tajiri akauliza.

"Stoo tu hiyo."

Stoo! Bibi akakohoa ndani. "Karibu mgeni. Stoo hii ina mjane, yumo edani."

Tajiri akarudi nyuma. "Astaghfirullah! Mzee, ungeniambia. Nitarudi akishatoka."

Tangu siku hiyo baba mkubwa akawa mpole, kila Ijumaa sukari. Nilijua anachongojea.

Siku ya mwisho wanawake walikuja na ubani na kanga mpya, kumwogesha bibi atoke. Shehe naye alikuja kuomba dua. Barazani, baba mkubwa na tajiri walishakaa na mafundi wao. Bibi akanivuta ndani. Mikono yake ilikuwa ya baridi.

"Siku si unazihesabu wewe?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi kawaambie umekosea. Bado tatu."

Nikatoka. Shehe akanitazama. Nikaapa: wallahi, bado tatu.

Nilikuwa sijakosea hata siku moja. Siku tatu zile bibi alizunguka vyumba vyote akigusa kuta. Ya nne akatoka, na mafundi wakaingia. Kiapo kile sijakitubia mpaka leo, na sitakitubia.