Waliofika Msibani kwa Mwanamkuu

Mke wangu Mwanamkuu hakupenda kuambiwa akae. Akitaka mwenyewe, alikaa. Ukimwambia, alisimama.

Nilimuoa kwao Mkongo. Tulizaa wawili, wote wakatangulia. Mdogo wake alipofariki aliacha mtoto anayenyonya, Mwinjuma. Mwanamkuu akamleta nyumbani mgongoni. Tukamlea. Akasoma mpaka kidato cha nne, kwa mpunga wa Mwanamkuu. Mimi shule sikwenda. Nilikwenda chuoni tu, kwa mwalimu wa Kurani, ndiyo maana haya nayaandika kwa herufi za Kiarabu. Herufi za ofisini sizijui.

Yeye hata hizo za chuoni hakuzijua. Lakini alijua kusema.

Mafuriko makubwa yalipobeba kijiji chetu tulikaa kwenye mahema masika nzima na kiangazi chake. Kisha ukaja mradi wa nyumba za bei nafuu. Wakasema mwananchi ndiye atakayeamua zijengwe wapi. Bila mkutano wa kijiji, wakasema, halilazwi hata tofali moja. Tulifurahi. Hatukuwahi kuulizwa kitu.

Mahali palikuwa pawili. Barabarani, kwenye lami ya kwenda Lindi, saa tatu kwa miguu kutoka mashambani. Na Kipungo, kilima cha mchanga ambacho maji hayajakifikia tangu enzi za babu zetu, na ukisimama juu unauona mpunga wako.

Siku ya mkutano afisa wa mradi alisifu barabarani. Umeme uko, gari liko. Mwanamkuu akasimama.

"Mama, kaa kwanza. Wazee tutawapa nafasi mwisho."

"Mwisho nimeshafika, mwanangu. Mbele ya hapa ni kaburi."

Watu wakacheka. Afisa naye akacheka.

"Haya, sema, mama."

"Wewe kwenu wanalima nini?"

"Kwetu… migomba."

"Mgomba hauliwi na nguruwe usiku mmoja ukaisha. Mpunga unaisha. Sisi tunalala shambani, juu kwenye dungu, tunagonga debe mpaka kunakucha. Ukinipeleka lamini, nani atagonga debe? Umeme?"

Kisha akadai sakafu ziinuliwe kiuno kizima, na jiko liwe nje. Alisema akamaliza. Hakurudia neno.

Ikaamuliwa watu wasimame. Wa barabarani upande wa shule, wa Kipungo upande wa kisima. Upande wa shule walisimama wanne. Mwinjuma alikuwa katibu wa kamati, ndiye aliyeandika. Alisimama kisimani, amemshika mama yake mkubwa kiwiko.

Baada ya mwezi Mwinjuma akaja na habari. Wakubwa wanataka mkutano wa pili. Kipungo ni taabu kufikisha saruji.

"Waambie saruji haina miguu," Mwanamkuu akamwambia, "lakini na mimi sina ya kwenda na kurudi lamini kila siku. Waambie hivyohivyo."

"Nitawaambia, mama mkubwa."

Tukangoja huo mkutano. Haukuitwa.

Mwanamkuu akashikwa na homa. Siku sita. Siku ya sita asubuhi aliniuliza kama mkutano umeitwa. Nikasema bado. Akasema, ukiitwa usikose. Adhuhuri ikampita, alasiri hakuiona.

Kwetu mtu akifika msibani ana haki ya kupewa habari ya arobaini. Ukimsahau mmoja, umemtukana, na wajukuu wake watakukumbusha. Kwa hiyo siku ya tatu, tukiwa mkekani tunasoma khitma, Mwinjuma akapita na kidau cha wino na karatasi aliyosema ameiandika juu jina la marehemu.

"Waliofika, jamani. Tusije tukamsahau mtu."

Nani atakataa karatasi ya msiba? Mimi nilitia kidole gumba cha kwanza, yeye akaandika jina langu pembeni. Akafuata jirani yangu Seleman. Wakafuata watu wa Mkongo, shemeji zangu. Rizwan, mwenye duka la Kibiti aliyekuwa akinunua mpunga wa Mwanamkuu, alikuja na mkewe. Naye akaandika jina lake. Karatasi ikapelekwa ndani kwa wanawake, ikarudi imejaa. Nikamwona Mwinjuma anaikunja vizuri. Nikasema moyoni, tumelea.

Hata mwezi haujatimia malori yakamwaga tofali barabarani.

Nikapanda bodaboda mpaka Kibiti. Ofisini kwa mradi nilimkuta binti anaitwa Shamsia. Nikamwambia, sisi tulisema Kipungo. Akafungua jalada.

"Ule ulikuwa mkutano wa kwanza, babu. Wa pili mkakubali barabarani. Nyote."

"Hatukukutana mara ya pili."

"Mbona mahudhurio yapo? Vidole hivi."

"Nisomee."

Akasoma. La kwanza, langu. La pili, Seleman. Kisha shemeji zangu wa Mkongo, mmoja baada ya mwingine, kama walivyokaa mkekani, yule kiziwi karibu na nguzo. Kisha Rizwan.

"Huyu Rizwan ni mkazi wa kijijini kwenu?"

"Huyu ana duka hapo ng'ambo ya barabara, binti yangu. Kijijini kwetu amekuja mara moja. Alikuja kunipa pole."

Akaigeuza karatasi. Juu ilikuwa imekatwa kwa mkasi, hapo palipoandikwa jina la marehemu.

"Tarehe yake?" nikamuuliza.

Akaisoma. Siku ya khitma. Saa nne asubuhi.

Nilishika meza. Shamsia akaniletea maji kwenye kikombe chake mwenyewe. Akasema kwa sauti ndogo kuna njia moja. Hao hao waliotia vidole waje, au watie vidole tena, waseme hawakuwa mkutanoni. Siku kumi na nne. Akaniandikia karatasi ya pingamizi kwa mkono wake.

Nilipita barabarani kwanza. Mwinjuma alikuwa pale, ufunguo wa stoo ya saruji shingoni.

"Ba'mkubwa, shikamoo."

Sikuitika.

"Walisema mradi utahamishwa wilaya nyingine," akasema. "Nyumba arobaini, ba'mkubwa. Tungekosa wote. Mimi nimeokoa."

"Mama yako mkubwa alisema wapi?"

"Mama mkubwa hayupo."

"Alipokuwepo alisema wapi?"

Akatazama tofali. "Kipungo."

"Na wewe ulisimama wapi?"

Akaushika ufunguo shingoni. Nikaondoka.

Nikaanza kupita nyumba kwa nyumba na karatasi ya Shamsia. Kwa Seleman ndiko nilikoanzia, tumetahiriwa pamoja.

"Karatasi tena, swahiba? Ile ya msiba imenihamishia lamini. Hii itanipeleka wapi, jela ya Keko?"

"Hii ni ya kuikana ile."

"Na ile uliniambia ya nini? Wewe ndiye uliyetangulia kidole, mimi nikakufuata."

Alisema kweli. Nilitangulia mimi.

Kwa Sikudhani, aliyeosha maiti ya Mwanamkuu, nilimkuta anapepeta. Akasema, ngoja nioshe mikono, shemeji. Akaingia ndani. Nilikaa barazani mpaka jua likahama. Alitokea mlango wa nyuma.

Wengine walificha mikono kwenye kanga. Mmoja aliniambia waziwazi, mzee, huyo kijana umemlea wewe, tutajuaje hamko pamoja? Hilo sikulitegemea. Niliketi njiani.

Siku ya kumi na nne nilimpelekea Shamsia karatasi ina kidole kimoja, changu.

"Kimoja hakitoshi, babu."

"Najua. Nimekuletea uone."

Arobaini ikafika. Niliwatumia watu habari kwa mdomo tu. Tulipika masufuria mawili, maana Mwanamkuu alikuwa mtu wa watu. Siku ya msiba mkeka haukutosha. Siku ya arobaini walikuja tisa. Rizwan alikuja. Wengine walipita njia ya juu, wakanisalimu kwa mbali, mikono mifukoni. Walidhani pataandikwa majina.

Wali ukabaki sufuria nzima.

Mwinjuma naye alikuja, na mbuzi. Mbuzi nilimrudisha. Yeye sikumrudisha, ni mtoto wa marehemu. Akavua viatu, akakaa mwisho wa mkeka. Ulipofika wakati wa dua, hapakuwa na msomaji, mwalimu anaumwa. Akainua kichwa.

"Nisome, ba'mkubwa?"

Watu tisa wakanitazama.

"Soma."

Akasoma. Ana sauti nzuri. Chuoni tulimpeleka sisi, Mwanamkuu alikuwa akimsindikiza asubuhi mpaka mlangoni. Akamwombea rehema, akamwombea nuru kaburini, akalitaja jina lake lote bila kukosea. Wote wakaitikia amina.

Mimi sikuitikia.