Ua la Mjane wa Fundi Viatu

Ua lilifunguka Jumatano asubuhi Helvi akichuja kahawa, nalo lilikuwa jekundu.

Alilitazama, birika likiwa mkononi. Jekundu la kuiva, kama damu ya ng'ombe iliyoganda kwenye beseni. Ua la mama yake lilikuwa la rangi ya waridi iliyopauka, kishada cha nyota ndogo ngumu kama nta. Helvi alikuwa mtoto wa miaka minane vita vilipowafukuza kwao Karelia. Ndani ya behewa alilala ameegemea koti la mama, na chini ya koti hilo, katika soksi ya sufi iliyoloweshwa, kilikuwamo kipandikizi cha mmea huu unaotambaa. Nyumba ilibaki ng'ambo ya mpaka, na kisima, na kaburi la baba. Mmea ukaja.

"Tauno!" aliita. "Hebu njoo uone maajabu."

Mumewe akaja na soksi mguu mmoja. Akaliona ua, akavuta kiti, akakaa.

"Mbona hushangai?"

"Nishangae nini?"

"We mzee, ua limegeuka rangi, unaniuliza ushangae nini!"

Tauno alijikuna kidevu. "Halijageuka, Helvi. Mmea wa mama yako ulikufa."

Birika lilitua mezani kwa kishindo.

Ilikuwa majira yale ya baridi aliyolazwa hospitali ya mapafu. Alikuwa ameacha maagizo: mmea ulale mahali pa ubaridi, usipigwe na joto la jiko wala kuguswa na barafu. Tauno akaupeleka kwenye chumba cha kuvulia nguo, pale nje ya sauna, bafu lao la mvuke. Ukakaa vizuri mpaka mkesha wa Krismasi.

"Ningeachaje kukoka sauna ya Krismasi?" alisema. "Watu wangeniona mpagani. Nikaoga. Halafu nikaacha mlango wa nje wazi kidogo, mbao zikauke, kama baba alivyonifundisha. Asubuhi barafu ilikuwa imeingia, na majani yalikuwa kama kitunguu kilichochemshwa."

"Na hukusema."

"Daktari alisema usishtuliwe."

"Kwa hiyo umengoja nipone ndipo unishtue!"

"Nilienda kwa mjane wa fundi viatu, kule karibu na kanisa. Alikuwa na wake usiochanua kamwe, akanipa. Majani yaleyale."

"Si yaleyale! Niliporudi nilisema yamekonda kwa kunikosa. Na wewe ukaitikia!"

"Na wewe ulikuwa umekonda," alisema Tauno polepole.

Helvi hakucheka. Miaka yote hiyo alikuwa akiuita mmea ule Mama. Tangu atoke hospitali hakuthubutu kuutoa jikoni. Kila baridi uliota joto kama paka, na mmea wa aina hiyo usipoonja ubaridi hauchanui. Baridi iliyopita tu ndiyo alikubali kuuweka kwenye chumba cha kaskazini, akiupa maji kwa kijiko, ili uwachanulie wageni.

Wageni wenyewe walikuwa wanakuja Jumapili: ndugu waliotoka kijiji chao cha Karelia pamoja naye. Aliwaahidi kila mmoja kipande cha kwao. Dirishani glasi zilikuwa zimejipanga. Alikuwa amekata kila kipandikizi chini ya kifundo, akafuta utomvu mweupe, akakitia majini. Sasa mizizi ilikuwa imejikunja humo kama nyuzi.

"Likate hilo ua," alisema Tauno. "Likiondoka, nani atajua? Majani hayasemi."

Helvi alimgeukia ili amtukane, kisha akaona mkasi uko mkononi mwake mwenyewe. Hakujua aliuchukua saa ngapi. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote ya asubuhi ile. Aliurudisha kwenye droo, akaifunga kwa nyonga.

Jumapili, kahawa ilipomiminwa na mikate ya iliki kukatwa, alisimama akawaambia. Hakulipamba neno. Sauna, mlango, mjane.

Wa kwanza kusema alikuwa Raili, mdogo wake. "Yaani kila mwaka nakuja kumwamkia mama, kumbe naamkia mmea wa mtu baki?"

"Hata mimi, Raili."

"Na wewe, muuaji wa maua, bado unanimiminia kahawa!"

"Nimwage?" Tauno aliuliza, uso mwekundu.

Raili aliirudisha dirishani glasi aliyokuwa ameshajichagulia, maji yakamwagika. Binamu wawili walitazamana, nao wakarudisha zao. Helvi alisimama palepale, mikono ikining'inia, akijihisi ameipoteza nyumba ile mara ya pili, na safari hii kwa mdomo wake.

Mama mdogo Martta, aliyekuwa mwanamwali katika behewa lile, alikuwa angali anatafuna.

"Huyo mjane alitoka wapi?" aliuliza.

"Hapahapa, mama mdogo. Alizaliwa hapa, kazikwa hapa."

"Hapahapa." Martta alijipangusa midomo. "Mimi nimezeekea hapa, na wenyeji hawajawahi kunipa hata jani. Lete glasi mbili."

"Mama mdogo, moja inatosha."

"Nimesema mbili. Mimi si mgonjwa, usinihurumie."

Raili aliondoka mikono mitupu, bila kumuaga Tauno.

Jioni Helvi aliosha vikombe. Ua lilikuwa limeanza kunukia, na tone zito lilikuwa limedondoka kutoka kwenye kishada juu ya ubao wa dirisha. Alilifuta kwa kidole, akakiweka kidole kinywani. Lilikuwa tamu, tamu kama asali. Akasimama na kidole mdomoni, ameduwaa. La mama je, lilikuwa tamu? Hakukumbuka. Hakukumbuka hata kama aliwahi kuonja.