Barafu Niliyompelekea Shangazi

Niliondoka Rusimbi, hapa Kigoma mjini, kwa aibu, heri niseme mapema. Shangazi Yusta, aliyenilea, huanika dagaa mchangani kule Mwamgongo, miguu mitupu, mahali ambapo hata mbwa hujisaidia. Mnyoo wa mbwa ukamwingia unyayoni. Alinieleza kwa simu: mstari mwekundu kama uzi, kila siku unasogea, na unawasha hata halali. Mimi nauza barafu ya samaki. Nilikuwa nimesikia kwamba wadudu wa ngozi huuawa kwa kugandishwa, basi nikajifanya daktari. Nikampelekea barafu kwa boti, nikamwambia kwa simu aifunge unyayoni mpaka asubuhi. Akatii. Siku mbili baadaye akapiga simu: vidole havisikii kitu.

Saa nne asubuhi nilipanda boti Kibirizi. Aliyekaa kando yangu, mama mwenye magodoro, akaniuliza mbona nimenuna. Nikasingizia tumbo. Milima ya Gombe ilipita kuliani, na mimi sikuitazama.

Mwamgongo, alasiri. Shangazi alikuwa mlangoni, mguu juu ya kigoda.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwana wanje, mwanangu we. Umeleta barafu nyingine?"

Akacheka peke yake. Unyayo ulikuwa na malengelenge, vidole vitatu vimepauka. Ule mstari ulikuwa umeshafika kisiginoni, mzima wa afya.

Kesho yake tulirudi Kigoma mjini, moja kwa moja kwa daktari, mama mmoja mkali. Alivigusa vile vidole vitatu kwa pamba. Shangazi hakusikia.

"Nani alikushauri barafu?"

"Mimi mwenyewe," shangazi akajibu. "Ujuaji wangu tu."

Nilimpenda mno saa ile, na haya zikanizidi.

"Ni mimi, daktari."

Akanigeukia. "Zamani hata hospitalini walimgandisha mnyoo huyu. Wakaacha. Ukiuona mstari, mwenyewe ameshatangulia mbele. Unamuunguza mtu kwa baridi, mnyoo anaenda zake."

Akampa vidonge vya minyoo, akamfunga vidonda. Kuhusu vidole alisema huenda vikarudi, huenda visirudi.

Shangazi alikaa kwangu siku kumi. Kuwasha kuliisha siku ya tatu. Kila asubuhi alifumba macho, nami nikamgusa vidole kwa pamba.

"Bado," alisema, kisha akanibembeleza mimi: "Usijali, nina vingine saba."

Siku ya kumi na moja, vidonda vimekauka, nilimrudisha kwao. Njiani niliwaza kwamba kumpenda mtu hakunipi ruhusa ya kumtibu. Nilipaswa kumpeleka kwa daktari tangu simu ya kwanza. Pale Mwamgongo abiria hushukia majini. Nilitaka kumbeba, akakataa, akavua ndala na kushuka.

"Yoo! Baridi!"

Akautazama mguu, kisha akanitazama mimi.

"Vyote vitatu," akasema.

Nililia pale pale, maji magotini, abiria wakidhani nimedondosha simu.