Kiganja cha Vidole Vinne

Fundi wetu wa Bangwe hufumba jicho moja, huutazama ukuta, huguna, na ukuta unanyooka kwa aibu. Mkono wake wa kulia una vidole vinne. Kila akimaliza nyumba hukandamiza kiganja hicho kwenye saruji mbichi ya ngazi ya mlangoni, kama anasaini cheti. Cheti chenyewe, cha ukandarasi, hana. Juzi mkaguzi alifika kwenye ghorofa ya Mama Mwasiti akimtafuta mkandarasi, maana asiyesajiliwa hupelekwa mahakamani: faini au jela. Fundi akamwamkia shikamoo kijana wa rika la mwanawe, mkono mfukoni. "Mie kibarua tu, bwana mkubwa. Nachanganya zege." Mkaguzi akainama, akahesabu vidole kwenye saruji. "Basi huyo mkandarasi wenu kaipindisha ngazi." Mama Mwasiti akamkonyeza fundi anyamaze. Wapi! Mkono ukachomoka mfukoni, ukanyakua pima maji, ukailaza juu ya ngazi, na kipovu kikatulia katikati kabisa. "Imepinda wapi? Nimeijenga mimi!" Mkaguzi akatoa kalamu. "Jina?" Fundi akataja lake, la baba yake na la babu yake, polepole, kazi yake isije ikaandikiwa mtu mwingine.