Kofia Nyekundu ya Ngumi

Niliipata kwenye belo la mitumba, nikichambua viatu mezani kwangu Kariakoo: kofia nyekundu ya ngumi, nene, yenye kamba ya kufungia kidevuni. Sikuipanga na bidhaa nyingine. Niliificha chini ya khanga, jioni nikampelekea mdogo wangu.

Alikuwa anafanya mazoezi ya ngumi mtaa wa Gerezani, nyuma ya mafundi wa magari. Pale walikuwa na desturi yao: mgeni anavaa kofia, na siku kocha akiona amekomaa, anamvua mwenyewe mbele ya wote, watu wanapiga makofi. Mdogo wangu alishavuliwa zamani. Alipoingia na ile yangu, wenzake wakamkaribisha kama mgeni, wakamuuliza ametokea mkoa gani. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikasikia mmoja akisema kumbe dada mtu ndiye anayemvalisha.

Niliona haya, na mimi nikiona haya huwa mkali.

"Vua bwana, tusichekwe," nikamwambia.

Yeye alikuwa ameshaamua kuivaa. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Aliniangalia kidogo, akaivua, akanipa.

Hakuna pambano moja ninaloweza kulilaumu. Zilikuwa ngumi za mazoezi, za kirafiki, kila jioni, mwaka baada ya mwaka. Alianza kwa kusahau funguo, halafu akasahau njia ya kutoka Msimbazi hadi kwetu Ilala. Halafu kikaja kifafa.

Nasikia watu wakibishana kama kofia iwe lazima. Wapo wanaosema inazuia kuchanika tu, ubongo unatikisika vilevile. Inawezekana, mimi si daktari, nauza viatu. Ninachojua ni kwamba ingekuwa lazima, wangevaa wote, na asingekuwapo wa kumcheka mwenzake. Na mimi nisingepata nafasi ya kusema nilichosema.

Sasa anaivaa nyumbani, ile ile nyekundu, kwa sababu anaanguka. Kila asubuhi kabla sijaenda sokoni namfunga kamba. Anainua kidevu, ametulia, kama anasubiri kengele ya raundi. Kuna siku jina langu linampotea. Lakini jana, nikiwa namfunga, alinishika mkono.

"Dada, hawatacheka?"

Nikamwambia hakuna wa kucheka, tupo wawili tu. Akasema basi niikaze vizuri.