Gari Linalala Wapi

Mdogo wangu ana ugonjwa wa mguu wa kulia. Hauumi, hauvimbi, na sijui daktari wa kuutibu. Kila akikaa, unakanyaga breki. Yuko mezani anakula, unakanyaga. Anasikiliza taarifa ya habari, mtangazaji akitaja ajali, unakanyaga mpaka vikombe vinagongana. Ni mwalimu wa udereva, na gari lake lilikuwa na breki ya pili upande anaokaa yeye, ya kuwaokoa wanafunzi na wapita njia. Gari halipo tena. Mguu haujapata habari.

Watu wanamwita Mwalimu Kioo, kwa sababu hilo ndilo neno lake. Kabla ya kuondoka, kioo. Kabla ya kukata kona, kioo. Kabla ya kufungua mlango ushuke zako ukanunue maji, kioo. Mimi nikianza kumsema mtu huwa nasahau mazuri yake, kwa hiyo niyaseme mapema: ana subira isiyo ya kawaida. Alimfundisha mkunga mmoja aliyekuwa anafumba macho kila akiona lori linakuja, na leo yule mkunga anaendesha gari la wagonjwa. Mwanafunzi pekee ambaye yeye amewahi kumkataa ni mimi, dada yake wa damu. Aliniambia mimi nagombana na gia kama nagombana na mtu.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, limechoka kidogo mgongoni kwa sababu ya kurudi nyuma kwenye mapipa ya mafunzo. Alilitunza jamani. Kila asubuhi ndoo na kitambaa, hata kama mvua imenyesha usiku kucha. Mkewe, wifi yangu, alikuwa akilitania: alisema gari ndiye bi mkubwa, yeye aliolewa baadaye.

Sasa tatizo la kufundisha kutwa nzima ni kwamba mtu anarudi nyumbani bado anafundisha. Wifi akikata kitunguu, huyu amesimama nyuma yake anamwambia polepole, vidole. Wifi akifunga mlango, huyu anauliza umeangalia dirisha. Yeye aliona ni upendo. Wifi aliona ni mtihani usioisha. Siku moja akamwambia, mimi si mwanafunzi wako, shuka garini. Basi bwana akapaki begi moja, akatoka, akaja kwangu. Akasema atarudi mambo yakipoa.

Mambo yalipoa. Yakawa baridi kabisa. Yeye alingoja aitwe, wifi akangoja mtu arudi bila kuitwa, na mimi katikati nikawa nabeba salamu mpaka nikachoka. Kila mmoja ana kiburi chake, na kiburi cha watu wapole ndicho kibaya zaidi, maana hakina kelele ukasema utakigombeza kiishe.

Mimi nina saluni ya nywele chumba cha mbele. Nyuma kuna kichumba nilichokuwa natunzia makofia mabovu ya kukaushia nywele, yale ya kusimama. Nilimtandikia humo. Amelala na yale makofia yamemwinamia kama wauguzi, na begi lake liko chini ya kitanda, limefungwa zipu. Akitaka shati analitoa, analivaa, likifuliwa analikunja analirudisha begini. Nilimwambia ayatundike mashati ukutani, yanajikunja, mwalimu gani anaenda kazini na shati lenye mistari ya mikunjo. Akasema hapana dada, mimi nipo hapa kwa muda tu. Muda wenyewe mtoto wa jirani alikuwa ameshazaliwa na kuota meno.

Na gari likawa linalala nje, kando ya barabara, chini ya taa ya mtaani inayowaka siku inayojisikia. Kule kwa wifi lilikuwa linalala ndani ya ukuta, nyuma ya geti la chuma.

Wakala wa bima yake ni binti anayesuka nywele kwangu. Mtoto mstaarabu, mchangamfu, anaijua kazi yake. Siku bima inakaribia kuisha alikuwa amekaa chini ya kofia la kukaushia, mdogo wangu akapita na kikombe cha chai, akamuuliza kwa sauti kubwa, si unajua mtu akiwa ndani ya lile kofia anadhani wote ni viziwi: Mwalimu, anwani bado ni ile ile? Gari linalala kule kule ndani ya geti? Akaeleza na sababu, kwamba kampuni inataka kujua kwa sababu gari la ndani ya ukuta na gari la barabarani si kitu kimoja, na kwamba kama amehama aseme tu, anabadilisha palepale kwenye simu yake.

Mimi nilikuwa nimeshika kitana. Nikamwangalia mdogo wangu kwenye kioo cha saluni. Akaangalia chai.

"Kule kule," akasema.

Binti alipoondoka nilimpasha mdogo wangu. Nilimwambia una wazimu, hiyo ni bima kubwa unailipia ili ikufae, sasa unaidanganya ya nini? Likikupata jambo? Piga simu, mwambie yule mtoto, ni maneno mawili. Akanisikiliza mpaka mwisho, ndiyo tabia yake, halafu akasema, "Dada, nikiandikisha hapa, nimehama."

Nikamuuliza, kwani hujahama? Akaenda kuosha kikombe. Na mimi nikamwacha, kwa sababu utamfanya nini mtu mzima? Huwezi kumshika mkono ukapiga simu kwa kidole chake.

Miezi ikapita. Asubuhi jambo lenyewe lilipotokea nilisikia ndoo inajaa bombani kama kawaida, mlango ukafunguliwa, halafu kimya. Akarudi na ndoo imejaa vile vile, maji hayajaguswa. Akaniuliza kwa upole kabisa kama nimelisogeza gari. Mimi, ambaye siwezi kulitoa gari hata kwenye uwanja mtupu. Tulitoka wote nje tukasimama pale linapolala. Palikuwa pakavu, mstatili mkavu wa gari, kila mahali pengine kuna umande. Aliweka ndoo chini katikati ya ule ukavu.

Polisi waliandika yaliyo kweli: gari limeibwa mbele ya nyumba ya dada yake. Ikabaki bima. Kampuni ikamtuma mkaguzi, mwanamume wa makamo mwenye sauti ya chini, akakaa kwenye kiti cha wateja wangu. Akaeleza bila kutisha. Kama gari lilikuwa limekuja kutembea siku ile tu, mtu amelala kwa dada yake, hiyo hutokea, fidia italipwa. Lakini kama lilikuwa linalala hapa siku zote na kampuni haikuambiwa, basi ni jambo jingine, na hapo yeye hana uwezo.

"Kwa hiyo, Mwalimu," akasema, "gari linalala wapi siku zote?"

"Nyumbani. Hapa nililala siku ile tu."

Mkaguzi akasema sawa, basi atapita pale nyumbani aone geti na azungumze na mkewe, ni utaratibu tu. Mguu wa mdogo wangu ukakanyaga sakafu.

Mkaguzi hajafika hata njia panda, mimi nimeshatoa simu. Nilitaka kumwambia wifi jambo moja tu: akija mtu akakuuliza, sema mumeo anakaa hapo. Si uongo mkubwa, nguo zake zingine bado ziko kule kabatini. Mdogo wangu akanishika mkono, yeye ambaye hajawahi kunishika hata tukiwa watoto tunapigana.

"Usimwambie, dada. Sitaki aseme kwa kuombwa."

Nikamwambia hili ni gari, ni ugali wako, wanafunzi wanakungoja. Hapo ndipo nikamwona usoni. Alikuwa na matumaini. Gari lake limeibwa, kazi imesimama, na huyu ana uso wa mtu anayengoja matokeo mazuri. Kuna mtu alikuwa anaenda kumuuliza mkewe kama mumewe anakaa pale. Yeye mwenyewe hakuwahi kuthubutu kuuliza.

Nilirudisha simu mfukoni kwenye aproni. Ilinichoma pale kama kaa la moto, na nilisuka watu vibaya. Mteja mmoja aliniambia njia za nywele zimepinda, nikamwambia na kichwa chako kimepinda, akaondoka hajamaliziwa upande wa pili. Mdogo wangu alinyoa ndevu. Alipiga pasi lile shati la begini. Kila simu ikilia anatokea mlangoni.

Simu ilipolia kweli alikuwa ameenda dukani. Aliyepiga ni wifi. Hakunisalimia, na wifi yangu ni mtu wa salamu ndefu.

Akaniambia mkaguzi amekuja, mtu mwenye adabu, akauliza kama bwana mwenye gari anakaa pale. Na yeye akajibu ukweli: alihama, gari lake halilali hapa. Mkaguzi akamuuliza kama ana hakika, kwa sababu kwao anwani yake bado ni hii hii, mwaka jana aliulizwa akasema ni hii hii, na juzi amerudia tena ni hii hii.

"Wifi," akasema, "mbona hakuniambia?"

Akaendelea, akasema alidhani mwenzake alishajiandikisha kwangu kila mahali, ameshamaliza habari yake. Kumbe mwanzoni, muda mrefu tu, wifi alikuwa haweki kufuli getini, anaacha komeo peke yake ili mtu mwenye gari aweze kujifungulia. Halafu akajiona mjinga, akanunua kufuli.

Nikaona mlango umefunguka, nikauvamia. Nikamwambia basi wifi yangu, kumbe nyote mnangojana, aje leo, namleta mwenyewe, namsukuma kwa mkono.

"Hapana, wifi. Alimwambia mtu wa bima. Mimi hakuniambia." Akapumua. "Na nimeshazoea. Nakata kitunguu nitakavyo. Asije kwa sababu amepoteza gari."

Nilibembeleza. Mimi, mwenye mdomo huu, nililia na kubembeleza, na yeye alilia pia, lakini hakurudi nyuma hata hatua. Tulipomaliza nikageuka, mdogo wangu yuko mlangoni na mkate kwapani. Hakuniuliza amesema nini. Aliuweka mkate mezani, akaufunika vizuri na kitambaa, pembe zote nne.

Nilimsindikiza kwenye ofisi ya bima kusikiliza uamuzi ambao tulishaujua, kwamba fidia hailipwi. Yule binti wakala ndiye aliyetupokea, na nywele nilizomsuka mwenyewe kichwani. Hakuweza kumtazama. Akasema Mwalimu, ungeniambia tu, ningebadilisha palepale chini ya lile kofia, ungeongeza pesa kidogo, na leo ningekuwa nakupa hundi yako. Mdogo wangu akamwambia asijali, si kosa lake. Akawa anamfariji yeye. Nilitaka kupiga kelele, lakini nani wa kupigiwa? Wote pale walikuwa watu wazuri. Wifi alisema kweli, mkaguzi alifanya kazi yake, binti aliuliza vizuri. Sijawahi kukosa hivi mtu wa kumgombeza.

Binti akasema kuna jambo moja limebaki, ili wafunge faili. Akaweka vidole juu ya kompyuta.

"Unakaa wapi kwa sasa, Mwalimu?"

Nilikuwa na jibu mdomoni, ni mtaa wangu, ni mlango wangu, ningelisema mimi yakaisha. Nikalimeza. Mdogo wangu alitazama dirishani, huko nje magari yanapita, na mguu wake chini ya meza ulikuwa umetulia kabisa.

"Kwa dada yangu," akasema. Halafu akataja mtaa, na nyumba, na alama ya saluni, polepole ili binti asikosee.

Tulirudi kwa miguu. Kwenye kila kivuko alisimama, akaangalia pande zote mbili, akanivusha mimi kwanza. Tulipofika aliingia kichumbani, nikasikia begi linavutwa kutoka chini ya kitanda, na zipu. Nikajua analia, nikakaa mbele na wateja wangu, nikaongeza sauti ya redio ili asisikike.

Baadaye akatokea mlangoni na mashati mkononi, yote, hata lile la sikukuu ambalo sikujua alikuja nalo. Akaniuliza kama nina misumari.