Jioni Niliyoonekana Nchi Nzima

Televisheni iliyoko sebuleni kwangu Gungu, hapa Kigoma, ni kubwa kuliko mlango wa nyumba nilimozaliwa. Siongezi chumvi. Nilikwenda kijijini nikaupima ule mlango kwa kamba, nikarudi nikapima na televisheni. Shule niliishia darasa la nne, na kila unachokiona humu ndani, masofa, vigae, friji, kimetoka kwenye dagaa.

Siku ninayoieleza nilikaa mbele yake tangu saa kumi na moja jioni, nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi, kana kwamba watu wa upande wa pili wangeniona. Nilikuwa nasubiri kujiona mwenyewe.

Wiki tatu kabla, watu wa televisheni ya taifa walifika mwaloni Kibirizi, boti za dagaa zinakoshusha, wakitafuta mtu wa kuwaeleza habari za dagaa. Kila waliyemuuliza aliwaleta kwangu, na walikuwa sahihi, maana chanja zangu za kuanikia ndizo ndefu kuliko zote pale. Mtangazaji alikuwa binti mpole. Akaniamkia, akanisimamisha mbele ya chanja, akasema:

"Mzee, zamani dagaa hapa walianikwa chini, mlaji anatafuna mchanga. Wanasema wewe ndiye wa kwanza kuwapandisha juu upande huu. Wazo hilo ulilipata wapi?"

Nikajigonga kichwani kwa kidole. "Kwenye kichwa hiki hiki. Sikufundishwa na mtu."

Ukweli ni kwamba wazo ni la mke wangu. Alikuwa na mimba ya binti yetu wa kwanza, miezi saba, na kazi yetu ilikuwa kuinama mchangani kutwa nzima tukigeuza dagaa. Siku moja mgongo ukamkatalia. Akachomeka miti minne, akafunga juu yake kipande cha wavu mbovu, akaanika fungu lake akiwa amesimama. Nilimcheka.

"Unawatandikia dagaa kitanda?"

"Kitanda chao, mgongo wangu," akasema.

Dagaa wa kitandani walikauka mapema, weupe, hawana hata punje ya mchanga. Mnunuzi kutoka Dar akawachukua wote, wangu akawaacha palepale chini. Kesho yake nilikata miti thelathini. Hiyo ndiyo akili yangu mimi: nikiona jambo, nalikamata. Na hilo asininyang'anye mtu, miti niliikata mwenyewe na kuibeba mwenyewe. Lakini yule binti wa televisheni hakuniuliza nani alikata miti.

Jioni hiyo mke wangu alikuwa Mwandiga. Alikwenda kwa binti yetu alipojifungua, akae arobaini, arudi. Arobaini ikaisha. Mtoto akaota meno, akaanza kutambaa, na bibi yake bado yuko huko. Hatukugombana, na hakuna aliyetamka neno kuachana. Nikimuuliza atarudi lini, anasema, "Mtoto bado mdogo, Baba." Na mimi sijazoea kumwambia mtu rudi. Mimi watu hunifuata wenyewe.

Ningeweza kumnyamazia habari ya kipindi. Lakini mdomo wangu huu! Binti wa televisheni alipopiga simu kunitajia siku, akasema ni jioni, katikati ya vipindi vingine, saa kamili hawezi kuniapia. Nikatangaza mji mzima. Nikampigia na mke wangu: "Washeni televisheni, uite na wakwe." Akafurahi kweli. "Tutakaa wote. Umesema nini huko?" Nikamjibu atasikia.

Nilipanga viti ishirini vya plastiki. Nilipokuwa kijana Ujiji, televisheni mtaani ilikuwa moja, tukijaa mikekani, waliochelewa wakachungulia dirishani, na mwenye nyumba akawa kama mfalme. Nilidhani na kwangu watajaa hivyo. Nikasimama getini. Akapita jirani yangu, fundi cherehani.

"Ingia ndani, kipindi kinaanza."

"Aa, bosi, sisi tutakuona nyumbani. Siku hizi nani hana televisheni?"

"Ya kwako ndogo."

"Ndogo, lakini na wewe utaenea tu." Akaenda zake anacheka.

Basi nikakaa peke yangu, nikaanza na kipindi cha watoto walioimba majina ya rangi. Akafuata daktari wa shinikizo la damu, akatukataza chumvi. Nikawasikiliza wote, maana nikiinuka naweza kupitwa na mimi mwenyewe. Kikaja kipindi cha kilimo, mzee mmoja wa nyanda za juu na mkewe, wamesimama kwenye shamba la maharage. Kila akiulizwa, mzee anamgeukia mkewe: "Eti mama, tulianza na mbegu ipi ile?" Mama anamsahihisha, wanabishana mbele ya kamera, mtangazaji anacheka mpaka kipaza sauti kinatikisika.

Hapo ndipo jibu langu lilipoanza kunikaba. Wiki tatu nilikuwa nimetembea nalo kama sifa. Sasa nikaiona sebule ya Mwandiga: mke wangu katikati ya wakwe, mjukuu mapajani, ametega sikio. Nikaomba wale watu wawe wamelikata. Mimi niliyewaambia watu wasile mpaka wanione, nikaomba umeme ukatike Mwandiga. Gungu ubaki.

Taarifa ya habari ikasomwa, hali ya hewa ikasomwa, Kigoma mawingu. Kisha ngoma moja ya asili, halafu kipindi cha mikoani. Nikaliona ziwa letu, nikaziona chanja, nikajiona. Mfupi kuliko ninavyojijua. Kiha kimenijaa mdomoni, nimejibu "ego" pale pa kusema ndiyo. Siku ile nilikuwa nimezungumza karibu nusu saa: nilivyobeba magunia bandarini nikiwa sina viatu, boti zangu, watu ninaowapa kazi. Hakuna hata kimoja. Walibakiza swali moja na jibu moja, na kidole kinagonga kichwa. Kisha tukahamia mkoa mwingine, kwa wakulima wa korosho.

Simu ikaanza kuita, wale wanaoniita bosi huku, wanaoniita tajiri kule. Sikupokea. Nikampigia mke wangu.

"Ngoja, nakuweka sauti kubwa, wote wakusikie," akasema.

Wakwe wakanipongeza. Mume wa binti yangu akasema, "Baba, umetung'arisha!" Nikasema asanteni, asanteni. Kisha akaingia mke wangu, kwa sauti ya utani:

"Eti Baba, kile kichwa kilichowaza chanja, kilikuwa cha nani?"

Wakaangua kicheko. Nadhani binti yetu hakucheka. Habari ya ile miti minne anaijua, maana alikuwemo tumboni.

Nilikuwa na nafasi, wasikilizaji wote wamekaa, wametulia. Kusema "chako" kungenigharimu nini? Nikacheka na mimi.

"Ah, Mama, mambo ya televisheni hayo. Walinikatakata maneno."



"Haya," akasema. "Umekula?"

"Nimekula." Sikuwa nimekula.

"Haya. Uwe na usiku mwema."

Nikarudi kukaa. Kikaja kipindi cha michezo, nikakiangalia, na mimi mpira hata siufuatilii. Ikaja na taarabu. Ningezima, nyumba ingebaki na friji tu inaunguruma, na viti ishirini vikinitazama.

Tangu jioni ile nimekwenda Mwandiga mara nne. Napokelewa vizuri, nawekewa chakula cha mgeni, namshika mjukuu ambaye sasa anasimama akijishika kwenye meza. Nikiondoka, mke wangu ananisindikiza mpaka kwenye gari. Tunasimama pale, yeye upande wa kivuli, mimi nimeshika mlango. Kila mara nasema moyoni, leo nitamwambia "chako". Kila mara naishia kumpa habari za mwaloni: dagaa wa mwezi huu, mvua iliyotukuta, chanja nilizoongeza.

"Sasa zimefika ngapi?" aliniuliza juzi.

Nikamtajia. Akazihesabu kichwani, nilimwona. Akatazama barabara.

"Nyingi," akasema.

Nikawasha gari.